Jibu: Tairi gani kwa mifereji ya Ahero?
Umeuliza kama tairi za baiskeli za milimita 40 zinatosha kuzunguka mifereji ya mpunga Ahero ukitokea Kisumu. Zinatosha bro, uwanda wote wa Kano, huko Ahero, ni tambarare, kitakachokutesa ni jua na ule upepo wa ziwa mchana kwa hivyo toka saa kumi na mbili asubuhi. Shida ni udongo mweusi wa kunata, mvua ikinyesha usiku usithubutu kuingia njia za kando ya mifereji, mi nilibeba baiskeli begani karibu kilomita mbili, tope limejaa kwenye madigadi hadi gurudumu halizunguki 😅 Machi hadi Mei sahau, mto Nyando hufurika. Beba pampu na tyubu mbili, miiba iko. Ukikuta ng'ombe kwenye tuta shuka uwapishe.