Mafuta hayageuki kovu

Wete, Pemba

Mwanangu,

Waalaikum salaam. Unasema picha ya tumbo imeonesha ini lina mafuta, dakhtari akakutajia makovu, nawe unauliza: mafuta yanageukaje kovu, na mbona huumwi popote?

La dini kuhusu pombe unalijua, sikurudii.

Mafuta hayageuki kovu, ila yote mawili yanatoka chupa ile ile. Ini linapovunja pombe huzalika sumu, asetaldehaidi. Likiwa limeshughulika na hayo, mafuta hayaunguzwi inavyopasa, yanajazana ndani ya seli zake. Wanywaji wengi wa kila siku wamo humo bila kujua, maana ini hukaa kimya muda mrefu.

Ukiendelea, seli zile huvimba na kufa. Pembeni yake zipo seli nyengine ambazo siku zote kazi yake ni kuweka akiba ya vitamini A. Zikipata habari ya madhara hubadilika, zikaanza kutoa nyuzi ngumu za kuziba jeraha. Jeraha likipona, nyuzi huondolewa. Likichokonolewa kila usiku zinarundikana, na kovu ndilo hilo.

Unalikumbuka ini la mbuzi wa Idi, kisu kinavyopita chenyewe? La makovu ni gumu, vinundu vitupu. Damu itokayo matumboni inakosa njia: tumbo linajaa maji, mishipa ya umio inavimba, ikipasuka mtu anatapika damu. Macho yakishakuwa manjano ndipo watu wetu wanaanza kuuliza nani kamroga!

Si kila mnywaji anafika huko. Mwenye homa ya ini B au C, au mnene kupita kiasi, yuko hatarini zaidi, kwa hiyo upo hapo Unguja, nenda hospitali ya Mnazi Mmoja ukapime. Mafuta huweza kuondoka kwa wiki chache ukiacha kabisa. Kuhamia bia si kuacha. Kovu changa nalo hupungua polepole. Lililokomaa aghlabu halifutiki, ingawa hata hapo anayeacha huishi zaidi kuliko anayeendelea. Na zile panadoli za kichwa cha asubuhi usizizidishe, ini hilo hilo ndilo linalozibeba.

Nijibu kweli, mamaako simwambii: ukikosa siku moja, mikono inatetemeka na jasho linakutoka? Kama ndiyo, usiache ghafla peke yako, unaweza kupata degedege. Nambie, nipande boti nije twende hospitali pamoja.

Babaako