Namba ya chesi ina kistari na tovuti imeikataa: je, gari hili limeghushiwa?

Swali: Shikamoo fundi. Kuna gari la mwaka 2014 nataka kulinunua. Liliingia likiwa limeshatumika Japani, na anayeliuza ndiye mwenye kadi. Mita inasoma kilometa 71,000. Anasema halijawahi kugongwa na mita haijaguswa. Niliingiza namba ya chesi kwenye tovuti moja ya historia za magari, ikanijibu kuwa namba si sahihi kwa sababu haina tarakimu 17. Yenyewe ina herufi na namba chache, kistari, kisha tarakimu saba. Je, imeghushiwa? Na hizi ripoti za kulipia, mtu aziamini kwa kiasi gani?

Jibu: Marahaba. Nikutoe hofu kwanza: kistari hicho ni cha kawaida. Magari yaliyotengenezwa kuuzwa ndani ya Japani hayatumii ile namba ndefu ya tarakimu 17 iliyozoeleka Ulaya na Marekani. Kabla ya kistari ni kodi (yaani msimbo, si ushuru) ya modeli, na baada yake ni namba ya mfululizo ya gari lenyewe. Tovuti nyingi zimeundwa kwa mfumo wa 17 tu, zikiona kistari zinakataa. Tafuta huduma inayopokea namba za Kijapani. Na mtu asikwambie kuwa mwaka wa gari hili "umesomwa kwenye chesi". Katika gari la soko la Marekani alama ya kumi ndiyo mwaka wa modeli, na 2014 ni herufi E. Namba ya Kijapani haibebi mwaka. Lazima itafutwe kwenye katalogi ya mtengenezaji.

Kughushi kunatafutwa kwenye chuma. Mwombe muuzaji akuoneshe namba ilipogongwa, ambapo mara nyingi ni kwenye ukuta unaotenganisha injini na kabini, au chini ya kiti cha mbele. Pitisha kidole. Herufi ziwe na kina kimoja na zikae kwenye mstari mmoja. Ukikuta michirizi ya grenda, alama ya kuchomelea, au rangi mpya pale tu penye namba na kwingine rangi ya zamani, aga uondoke. Kisha linganisha na kadi: wewe unasoma kwa sauti, mwenzako anafuatilia kwa kidole. Nimewahi kuona 8 ya kwenye chuma imekuwa 3 kwenye kadi. Inawezekana ni kosa la karani, lakini muuzaji alirekebishe kabla hujalipa, maana ukishalipa kosa ni lako.

Sasa ripoti. Ripoti inajua kile tu ambacho mtu aliandika mahali fulani: ukaguzi, bima, mnada, kufutwa usajili. Gari likigongwa usiku, likanyooshwa kwa fundi bodi na pesa ikatoka mfukoni, ripoti itatoka safi kama sahani iliyooshwa. Kwa hiyo "hakuna ajali" kwenye ripoti isome hivi: hakuna ajali iliyoandikwa. Mimi ripoti naitafutia kitu kimoja tu, nacho ni kilometa zenye tarehe. Japani gari jipya la abiria hukaguliwa baada ya miaka mitatu, halafu kila miaka miwili, na kilometa huandikwa. Cheti cha kufuta usajili kwa ajili ya kusafirisha gari nje nacho hubeba kilometa. Mwombe muuzaji nakala ya cheti hicho. Aliyeagiza gari kwa njia halali alikuwa nacho. Panga namba zote kwa tarehe kwenye karatasi. Zinatakiwa kupanda. Ikishuka mahali popote, umepata jibu lako. (Ila kwa gari lililotoka Uingereza, hakikisha hulinganishi maili na kilometa: maili 50,000 ni kilometa 80,000 na ushee, na watu wamegombana bure kwa hilo.)

Ukioneshwa karatasi ya mnada, yaani ile inayoeleza hali ya gari lilipouzwa mnadani Japani, ujue inaghushiwa kirahisi sana. Iagize mwenyewe kwa namba ya chesi, usitegemee picha ya muuzaji. Ukiipata, tazama daraja kwanza. R au RA ina maana gari liligongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa gari, A ni mkwaruzo, U ni kubonyea, W ni sehemu iliyonyooshwa na kupakwa rangi, XX ni kipande kilichobadilishwa. Herufi hizo utazibeba kichwani ukienda kulikagua gari.

Kuhusu mita, kuna shahidi mmoja ambaye wachakachuaji humsahau: stika za gereji. Mafundi wa Japani wana tabia ya kubandika stika kila wanapomwaga oili au kubadili mkanda wa taimingi. Fungua mlango wa dereva, angalia ukingo wa mlango na nguzo yake. Fungua boneti, angalia upande wa chini na kwenye plastiki za injini. Utaona kilometa na tarehe, lakini mwaka mara nyingi umeandikwa kwa enzi ya mfalme wao. H ni Heisei, ongeza 1988. R ni Reiwa, ongeza 2018. Kwa hiyo H26 ni 2014, mwaka wa gari lako, na R2 ni 2020. Niliwahi kukagua gari lenye mita ya 64,000 na ndani limesafishwa hadi linanukia limao. Kwenye nguzo ya mlango kulikuwa na stika ndogo iliyopauka ambayo muuzaji aliichukulia kama urembo wa Kijapani: R1, tarehe ya mwezi wa nane, kilometa 118,400. Hatukuendelea kupima kitu kingine. Tukimkuta mtu amekwangua stika zote na gundi imebaki, hilo nalo ni jibu la aina yake.

Stika zikikosekana, nenda kwenye kile ambacho mkono na mguu hugusa. Raba ya pedeli ya breki iliyolika hadi ikawa laini, ngozi ya usukani inayong'aa upande wa juu, kiti cha dereva kilichobonyea ubavu wa kushukia: hivyo havitokei kwa kilometa 71,000 za gari la nyumbani. Lakini kuwa makini na upande wa pili pia. Raba mpya kabisa za pedeli kwenye gari la 2014 zinahitaji maelezo.

Halafu mashine ya kusoma kompyuta ya gari. Watu wengi hupeleka gari kupimwa ili kuona kama kuna kodi za hitilafu, yaani misimbo ambayo kompyuta hiyo huhifadhi ikigundua tatizo, wakikuta hakuna wanashangilia. Mwombe fundi afungue kurasa mbili zaidi. Moja ni umbali uliotembea tangu kodi zifutwe. Ikisema kilometa 9, basi kuna mtu alizifuta jana au leo asubuhi, na wewe ndiye uliyekuwa unasubiriwa. Nyingine ni hali ya vipimo vya ndani ambavyo kompyuta ya injini hujifanyia yenyewe; vikiwa vingi "havijakamilika", kumbukumbu imefutwa karibuni. Muuzaji atasema alibadilisha betri. Inawezekana, kwa sababu kuchomoa betri nako kunaweza kufuta. Mwambie sawa, liendeshwe siku chache halafu tupime tena. Mwenye gari zima atakubali. Katika magari mengi kilometa hutunzwa pia kwenye kompyuta nyingine mbali na dashibodi, kwa hiyo fundi mwenye mashine inayoingia ndani ya aina hiyo ya gari anaweza kukuta namba mbili zisizofanana.

Ajali huifuati kwenye rangi inayong'aa, unaifuata kwenye bolti. Tazama bolti za bawaba za boneti na za madigadi. Kiwandani hupakwa rangi pamoja na bodi, kwa hiyo spana ikigusa kona zake rangi hukatika na chuma huonekana. Pitia nafasi kati ya milango, boneti na taa: upande wa kulia na wa kushoto zilingane. Kipimo cha unene wa rangi ni rafiki mzuri. Rangi ya kiwandani kwa kawaida iko kati ya maikroni 90 na 180 hivi. Penye puti, lile tope gumu la kuziba mabonyeo, utaona 500, 1,000 na zaidi. Huna kipimo? Sumaku ndogo iliyofungwa kitambaa laini itakushikia kwenye chuma na kulegea kwenye puti. Usiijaribu kwenye bampa ya plastiki ukasema gari zima ni puti. Nimeona mtu akifanya hivyo mbele ya umati.

Kitu ninachokipenda kuliko vyote ni mkanda wa kiti, kwa sababu unajibu maswali mawili kwa mara moja. Uvute hadi mwisho kabisa, kote mbele na nyuma. Karibu na mwisho kuna lebo yenye tarehe ya kutengenezwa. Zote ziwe ndani ya miezi michache kabla ya gari kukamilika. Mkanda wa dereva ukiwa mdogo kwa miaka minne kuliko wa nyuma, ulibadilishwa, na sababu kubwa ya kubadilisha mkanda wa mbele ni kwamba kile kifaa chake cha kukaza kililipuka kwenye ajali. Kikilipuka mara moja hakitumiki tena. Hapo geukia taa ya erbegi: washa swichi bila kuwasha injini, taa iwake yenyewe sekunde chache kisha izime. Isipowaka kabisa, imetolewa. Ikizima sawia na taa nyingine, kama ya oili, huenda wameziunganisha waya.

Swali la pili la mkanda ni maji, na hapa niliwahi kuaibika mwenyewe. Nilimkagulia mteja gari, bodi safi, injini safi, mashine safi, nikampa baraka. Baada ya miezi miwili indiketa zikaanza kuwaka zenyewe na vioo vikagoma kupanda. Tulipofunua zulia tukakuta tope laini, kavu, limejaa kwenye soketi za waya. Gari lilikuwa limezama. Siku hiyo nilivuta mkanda hadi mwisho nikaona mstari wa kahawia ambao ningeuona siku ya kwanza kama ningejisumbua. Aliyelisafisha alifua sehemu inayoonekana tu. Tangu hapo nafunua pia shimo la tairi la spea na kumulika tochi kwenye reli za viti na bolti za chini ya dashibodi. Kutu ya mahali hapo haitokani na mvua.

Mambo mawili ya haraka. Tumia namba hiyohiyo ya chesi kwenye tovuti ya mtengenezaji kuona kama gari limeitwa kurudi kiwandani. Magari mengi ya miaka hiyo yaliguswa na suala la erbegi mbovu za kampuni ya Takata, lililohusu makumi ya mamilioni ya magari duniani, na matengenezo yake hayalipiwi na mwenye gari. Na kwenye mamlaka ya usajili, hakikisha jina la kadi ni la huyo anayekuuzia na kwamba gari halijawekwa dhamana ya mkopo.

Ukienda, anza na stika za mlango na mkanda. Dakika tano zinatosha, na hazihitaji fundi. Ukikuta stika yenye herufi H au R, ipige picha kwa karibu unitumie kabla hujatoa hata senti ya kishika gari.