Samaki na fimbo ya mfalme

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Nauza samaki Masese, Jinja. Mteja wangu Mhindu alisema mfalme wao wa kale alipewa fimbo kwa sababu ya samaki. Alimaanisha nini?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Alimaanisha watu. Wahenga wa Kihindu walifundisha kwamba pasipo mfalme wa kuadhibu, wakubwa huwameza wadogo, kama mputa anavyomeza mukene hapo ziwani kwenu. Fimbo ni adhabu ya haki. Sheria za Manu, kitabu cha kale cha sheria za Kihindu, zinaonya kuwa mfalme akiitumia kwa tamaa, fimbo hiyohiyo itamwangamiza yeye na jamaa zake. Tena kosa ambalo raia hutozwa sarafu 1, mfalme atozwe 1,000. Kifungu hicho nakipenda sana. Natamani kila mwenye cheo akisome. Kodi ya nafaka, hadi sehemu moja kati ya sita, ilikuwa ujira wa mfalme wa kuwalinda raia.

Lakini utaratibu aliopaswa kuulinda ulikuwa pia wa matabaka ya kuzaliwa, na hapo siafiki kabisa. Mtu wa tabaka la mashujaa akimtukana Brahmini, mtu wa tabaka la makuhani, alitozwa sarafu 100. Mshudra, mtu wa tabaka la chini, kwa tusi hilohilo aliadhibiwa mwilini.