Hasira ya mwanangu ni ya kurithi au ni ya malezi?

SWALI: Ndugu Mhariri, nina watoto wawili wa kiume, wa baba mmoja, niliowalea kwa kanuni zilezile. Mkubwa ni mpole na mwenye subira, ilhali mdogo hukasirika upesi na kugombana na wenzake. Jamaa zangu husema amerithi hasira ya babu yake, kwa hiyo nisijisumbue. Mwalimu wake husema ni malezi. Nimwamini nani?
Mama wa wavulana wawili

JIBU: Ndugu msomaji, jamaa zako wana hoja, ila wamekosea katika hitimisho. Watafiti wa urithi hulinganisha pacha wa kufanana, ambao vinasaba vyao karibu vyote ni sawa, na pacha wasiofanana, ambao hawakaribiani kivinasaba kuliko ndugu wengine wa baba na mama mmoja. Uchambuzi mkubwa uliochapishwa mwaka 2015, ukijumuisha zaidi ya jozi milioni 14 za pacha, ulionyesha kuwa kwa wastani takriban asilimia 49 ya tofauti baina ya watu, katika sifa mbalimbali zilizopimwa, huhusiana na urithi. Kiwango hicho ni cha kundi zima la watu. Hakimaanishi kuwa nusu ya hasira ya mwanao imetoka kwa babu na nusu nyingine imetoka kwako, kwani mgawanyo wa aina hiyo hauwezi kupimwa ndani ya mtu mmoja.

Wala kurithiwa si sawa na kutobadilika. Kimo cha mtu hutegemea sana urithi, na hata hivyo wanawake wa Korea Kusini waliozaliwa mwaka 1996 ni warefu kwa wastani wa takriban sentimita 20 kuliko waliozaliwa karne moja kabla yao, muda mfupi mno kwa vinasaba vya taifa kubadilika kiasi hicho. Kilichobadilika ni lishe, afya na hali ya maisha.

Kwa upande wa hasira, ushahidi unapendeza zaidi, na naona unamtetea mwanao. Richard Tremblay, mtafiti wa Kanada aliyefuatilia watoto kwa miaka mingi, alionyesha kwamba kupiga, kuuma na kusukuma huwa kwingi zaidi kati ya umri wa miaka miwili na minne, kisha hupungua kwa watoto walio wengi. Kwa maneno mengine, mtoto hahitaji kufundishwa kupiga. Anachofundishwa ni kujizuia, na kazi hiyo hufanywa na wazazi, ndugu, walimu na watoto wenzake. Hapo ndipo maumbile na jamii hukutana: sehemu ya mbele ya ubongo, inayosaidia kuzuia misukumo, huendelea kukomaa hadi mtu anapokaribia au kupita miaka 20, na wenye hulka ya moto huhitaji mazoezi mengi zaidi ya kujizuia kuliko wenzao.

Kuhusu kanuni zilezile, niwie radhi nikisema kwamba hakuna watoto wawili wanaopata malezi yaleyale. Mwanao mdogo amekulia chini ya kaka mpole anayesifiwa, na huenda wewe mwenyewe humjibu kwa ukali zaidi kwa sababu yeye huanza kwa ukali. Ukali huzaa ukali: mtoto anapopiga kelele mzazi hufoka, mtoto huongeza, na yule anayekubali kushindwa kwanza humfundisha mwenzake kwamba kelele hulipa. Mzunguko huo huvunjwa na mzazi, aliye mtu mzima, kwa kuweka mipaka michache isiyoyumba, kumsifu mtoto papo hapo anapojizuia hata kidogo, na kuahirisha mazungumzo hadi hasira ishuke.

Mwombe mwalimu akueleze ugomvi huanzia wapi: kwenye michezo, anapochokozwa, au anaposhindwa na somo. Iwapo anaumiza wenzake mara kwa mara, au hali hii imeanza ghafla, mpeleke kwa daktari au mshauri wa watoto.