Baba Aanze Lini Kutembea Baada ya Mshtuko wa Moyo?

SWALI: Shikamoo daktari. Baba yangu, mwenye miaka 58, alipata mshtuko wa moyo wiki tatu zilizopita, akazibuliwa mshipa na kuwekewa stenti, yaani kijibomba cha wavu kinachouweka mshipa wazi. Hospitali walimwagiza atembee kidogo kidogo kila siku, lakini baba mdogo anamzuia hata kujichukulia kikombe cha uji, akisema moyo una kidonda na kitachanika. Kipimo cha eko, yaani cha kuupiga moyo picha kwa mawimbi ya sauti, kilionyesha asilimia 42. Tumsikilize nani, na je, atarudi kwenye shamba lake la zabibu? – Binti wa Nkuhungu, Dodoma.

JIBU: Marahaba, binti. Wasikilizeni waliomtibu, ingawa hofu ya baba yako mdogo ina asili yake, kwani zamani madaktari wenyewe walimlaza mgonjwa wa namna hii kwa wiki kadhaa, hadi mwaka 1952 Samuel Levine na Bernard Lown wa Marekani walipoeleza jinsi wagonjwa waliokalishwa kitini mapema walivyoendelea vizuri.

Asilimia 42 haimaanishi kwamba amebakiwa na chini ya nusu ya moyo. Ni sehemu ya damu inayotolewa na chumba cha kushoto kwa kila pigo, na hata mtu mzima wa afya hutoa kama 55 hadi 70 tu. Msuli uliokufa haurudi, lakini kandokando yake huwa kuna msuli uliozubaa ambao unaweza kuamka, na mazoezi, pamoja na dawa, husaidia chumba hicho kisitanuke na kulegea. Tafiti zimeonyesha nafuu kubwa zaidi kwa wagonjwa waliotulia walioanza mapema, tangu wiki ya kwanza, wakaendelea kwa zaidi ya miezi mitatu.

Kama daktari wake hajaweka sharti jingine, aanze na dakika tano hadi kumi, mara mbili kwa siku, kwenye njia tambarare, kabla jua la Dodoma halijawa kali, akiongeza taratibu hadi afikie 30. Mapigo ya moyo pekee yasiwe kipimo, kwa sababu baadhi ya dawa zake huenda zinayapunguza. Kipimo kizuri ni maneno. Akishindwa kumaliza sentensi bila kukatisha ili avute pumzi, apunguze mwendo. Maumivu ya kifua, kizunguzungu au pumzi kubana ni amri ya kusimama, na yasipoisha upesi, awahishwe hospitali. Miguu ikivimba, amwone daktari bila kungoja kliniki.

Kulima na kubeba makreti ya zabibu kusubiri apimwe tena. Kwa sasa baba mdogo na amsindikize asubuhi, wazungumze njiani, asikie mwenyewe kama sentensi zinakatika.