Gari la kujiendesha Malindi hadi Mombasa?

Ndugu yangu, umeuliza kama gari uliloonyeshwa, linaloshika mstari na kufuata mwendo wa lililo mbele, litakufikisha Mombasa mikono mapajani. Thubutu! Hilo ni daraja la 2 katika ngazi za gari kujiendesha, 0 hadi 5. Dereva bado ni wewe. Kamera yake husoma rangi ya mistari. Mchanga ukifunika ukingo, au tuktuk isiyo na taa ikichomoka wakati wa magharibi, inaweza kukosea. Waymo, kampuni ya Marekani inayobeba abiria bila dereva Phoenix na San Francisco, hutumia rada, laida (kipima umbali kwa miale ya leza) na ramani za mitaa waliyoipima mapema. Breki ya dharura inayojifunga yenyewe ndiyo nzuri, hiyo ilipie. Ila uliza kama kioo cha mbele kiliwahi kubadilishwa: kamera hukaa kwenye kioo hicho, na isiporekebishwa upya, huona kombo.