Ujerumani Mashariki: nchi imekufa, medali zipo. Maswali yenu haya hapa

Haya, niliwaomba mlete maswali kuhusu nchi zilizofutika kwenye ramani zikaacha medali za Olimpiki, nikategemea mtauliza Urusi ya Kisovieti au Yugoslavia, kumbe karibu wote mnataka Ujerumani Mashariki. Sawa, twende nayo hiyo hiyo.

Hivi ilikuwa nchi kweli au ni timu tu? Na medali zao jumla ngapi? (Tanga)

Nchi kabisa ndugu yangu, 1949 mpaka 1990, watu kama milioni 17 hivi. Ila kwenye Olimpiki walichelewa kusimama peke yao, manake 1956, 1960 na 1964 Wajerumani wa pande zote mbili waliingia timu moja, na wakishinda ilipigwa muziki wa Beethoven badala ya wimbo wa taifa wa upande wowote. 1968 ndo wakaachana. Sa cheki dhahabu zinavyopanda: Mexico 1968 tisa, Munich 1972 ishirini, Montreal 1976 arobaini, Moscow 1980 arobaini na saba, 1984 wakasusia Los Angeles pamoja na Warusi, halafu Seoul 1988 thelathini na saba. Jumla dhahabu 153 na medali 409 kwa Olimpiki tano tu. Zile za baridi ongeza 110 zingine, na Sarajevo 1984 waliongoza kwa dhahabu dunia nzima. Marekani yenyewe iliachwa nyuma Montreal (34 kwa 40) na Seoul tena (36 kwa 37).

Mbona sisi Wakenya hatuna stori za kupambana nao? (Eldoret)

Kwa sababu hamkuwepo, bana. 1976 nchi nyingi za Afrika zilisusia Montreal, Kenya na Tanzania zikiwemo, chanzo ni timu ya ragbi ya New Zealand kwenda kucheza Afrika Kusini ya makaburu na New Zealand ikaachwa ishiriki kama kawaida. 1980 Kenya ikasusia tena, safari hii ikiungana na Marekani kwa sababu Warusi waliivamia Afghanistan, Tanzania ikaenda na ndo pale Filbert Bayi na Suleiman Nyambui walipochukua fedha zao. Kwa hiyo miaka ile miwili Ujerumani Mashariki ilipovuna dhahabu kuliko yote ni miaka ambayo uwanjani kuna watu hawapo, hilo lisemwe. Waldemar Cierpinski alishinda marathoni zote mbili hizo, akakaa meza moja na Abebe Bikila aliyeshinda mara mbili mfululizo kabla yake, na meza hiyo haikupata mtu wa tatu mpaka Kipchoge.

Seoul 1988 mlikutana nao. Mita 5,000 John Ngugi alichomoka mapema mno, kilomita ya kwanza imeisha tu jamaa huyoo, wenzake wakadhani atakata pumzi, hakukata. Fedha ikaenda kwa Dieter Baumann wa Ujerumani Magharibi, shaba kwa Hansjörg Kunze wa Mashariki. Yaani Wajerumani wawili wa nchi mbili tofauti wamesimama jukwaani chini ya Mkenya mmoja, mimi hiyo picha naipenda sana. Kwenye ngumi walilipiza, Henry Maske alimtoa Chris Sande nusu fainali akaenda kubeba dhahabu, Sande akabaki na shaba.

Tuambie ukweli, siri si dawa tu? (Mwanza)

Dawa za kuongeza nguvu zilikuwepo, na hazikuwa za mtu mmoja mmoja kujificha chooni. Ulikuwa mpango wa serikali, kuanzia 1974 ukawa na namba yake kabisa, 14.25, na vidonge vya Oral Turinabol, dawa ya kujenga misuli, vilitengenezwa na kiwanda cha dawa cha serikali, Jenapharm. Maabara yao ya Kreischa ilikuwa inapima wanamichezo kabla hawajasafiri, si kwa ajili ya kuwakamata, ni kuhakikisha mwili umesafishika, ambaye bado anaonyesha anabaki nyumbani na sababu itatafutwa, mafua au nyama imevutika.

Kinachoniuma mimi ni wale mabinti. Montreal wanawake wao walibeba dhahabu 11 kati ya 13 za kuogelea, na wengi walikuwa watoto wa shule wanaoambiwa hivyo ni vitamini, wazazi nao hawaambiwi kitu. Sauti zikawa nzito, nywele zikaota pasipotakiwa, baadaye ini na matatizo ya uzazi. Heidi Krieger, bingwa wa Ulaya wa tufe 1986, alilishwa dozi kubwa tangu binti mdogo. Leo anaitwa Andreas, na alitoa ushahidi kwenye kesi ya mwaka 2000 Berlin. Bosi wa michezo Manfred Ewald na daktari Manfred Höppner walipatikana na hatia, wakapewa vifungo vya nje. Vya nje!

Ila nawaambia dawa peke yake haikuleti medali 409. Walikuwa na shule maalum za michezo, watoto wanapimwa urefu, mikono, mbio, wanachaguliwa wadogo kabisa, makocha wamesomea chuo cha michezo cha Leipzig, na 1969 waliamua kwa makusudi kuachana na michezo inayokula hela halafu inaleta medali moja kwa timu nzima, kama mpira wa kikapu. Mtu mmoja kwenye bwawa anaweza kurudi na dhahabu nne shingoni, Kornelia Ender alifanya hivyo Montreal, sa wewe ungewekeza wapi? Wanaosema tuige mfumo wao wachukue shule na makocha, basi, hapo hapo washuke.

Kwa nini hawajanyang'anywa? (Mombasa)

Kamati ya Olimpiki iliombwa mwaka 1998 irekebishe matokeo ikakataa. Medali zipo vile vile na rekodi zingine hazijaguswa: Marita Koch mita 400 kwa 47.60 tangu 1985, Gabriele Reinsch kisahani mita 76.80 tangu 1988. Mimi ningeweka alama pembeni ya jina, kufuta kabisa hapana, kwa sababu ukifuta unamfuta na yule mtoto aliyelishwa bila kujua.

Hawa si ndo waliotujengea maghorofa ya Kikwajuni na Michenzani? (Unguja)

Ndo hao hao. Zanzibar iliwatambua mapema 1964 baada ya mapinduzi, majumba yakafuata.

Nchi ilipokufa wanamichezo walikwenda wapi? (Dodoma)

Waliungana na wenzao, Barcelona 1992 Ujerumani ikawa moja ikapata dhahabu 33. Lakini kwenye jedwali za zamani hazikuchanganywa, Ujerumani Mashariki (GDR kwa kifupi cha Kiingereza) imebaki na mstari wake. Wa kumtazama ni Birgit Fischer wa kayaki: dhahabu ya kwanza Moscow 1980 ana miaka 18 kwa nchi moja, ya nane Athens 2004 ana miaka 42 kwa nchi nyingine, na katikati 1984 alikosa kwa sababu ya ule ususiaji. Sisi mtu kama huyu tungempata wapi sijui.